Nyuzi za Watoto wa Midia

Jumatatu, 3 Machi

Vanishi tena. Vidole vinanuka hadi chakula kinanuka. Shanga za karatasi zimetundikwa dirishani kwenye uzi wa nailoni, zinakauka. Mchana zamu ya maabara, hapa Arua: mkojo, kinyesi, malaria, malaria. Nikirudi nitaunga ndoano za hereni.

Ukurasani kwangu mtandaoni hakuna oda. Wiki nzima. Uganda yote inauza shanga za karatasi, sioni kwa nini mtu avuke bahari kutafuta zangu. Maneno niliyoandika chini ya picha ni ya kweli na hayana ladha: kila mkufu unachangia utafiti wa kifafa katika vijiji vya kando ya mto, wilaya ya Koboko. Nimeyasoma kama mtu baki. Nisingenunua.

Mama amepiga simu kutoka Midia, kijijini kwetu. Keji ameanguka kisimani Jumamosi. Jino la mbele limevunjika. Mdogo wangu ana miaka kumi na sita na amekuwa akianguka tangu darasa la kwanza. Mama alinieleza kwa sauti ile ile anayonielezea bei ya muhogo. Sikulia. Nilipanga shanga kwa ukubwa.

Alhamisi, 6 Machi

Dokta Ezati alikuja maabara, akakaa kwenye kiti cha wagonjwa, akala karanga zake bila kunikaribisha. Akiwa hana la kufanya hula karanga. Wafadhili hawarudi. Amewaandikia, wamemjibu kwa adabu.

Utafiti wenyewe nauweka hapa ili niuone ukiwa umeandikwa. Usubi wa mtoni unauma watoto. Watoto wa karibu na mto wanaanguka zaidi kuliko wa mbali. Kila mtu Midia anajua hilo kwa macho, lakini kwa macho si ushahidi. Dokta anataka damu ya wanaoanguka na ya wasioanguka, kutoka nyumba zile zile. Watakaoingia watapewa vidonge vya kifafa bila kukatika, miaka miwili, na daktari wa kuwatazama. Keji yumo kwenye orodha. Wa kwanza.

Vitendanishi, dawa za kupimia damu, hakuna. Masanduku ya baridi hakuna. Kibali cha kwenda kijijini kinaisha mwezi wa saba.

Dokta akafuta mikono kwenye sketi. "Asunta, hivyo vipuli vyako vinauzika?"

Nikasema vitauzika. Nilidanganya.

Jumapili, 9 Machi

Misa ya kwanza kanisa kuu. Sikumsikiliza padri.

Nimejaribu kitu. Bibi aliniachia ushanga wake wa kiunoni, wa kioo, wa zamani, bluu iliyofifia na nyekundu ya rangi ya maini. Nimechukua punje chache nikazichanganya na za karatasi. Nikapiga picha juu ya jiwe, nje, kwenye jua. Nikaandika: shanga za bibi yangu.

Kabla sijamaliza kuosha vyombo mkufu ulikuwa umeshanunuliwa. Mwanamke wa Norway. Akauliza kama ninazo nyingine kama hizo, za zamani, zilizovaliwa na watu.

Zilizovaliwa na watu. Basi ndicho wanachotaka. Sawa.

Jumamosi, 15 Machi

Midia, na gari la Dokta. Yeye na wahudumu wake walikuwa wanaandikisha kaya. Mimi nilipita nyuma yao, nyumba hadi nyumba, nikiuliza kama kuna shanga za zamani. Nilisema ni za kusaidia kazi ya Dokta. Ndivyo nilivyosema. Nakumbuka vizuri.

Nilitegemea kubembeleza. Sikubembeleza. Wanawake waliingia ndani wakatoka na vibuyu vidogo vilivyozibwa kwa gunzi. Ndani ya kila kibuyu uzi mmoja wa ushanga wa kiunoni, mdogo, wa mtoto. Kioo kizuri kuliko cha bibi. Kila uzi una fundo kubwa, jeusi kwa mafuta, gumu kama kokwa.

Zaituni, jirani wa Mama, alinipa wa Taban. Taban ni mtoto wa kaka yake, anamlea yeye. Mwaka mzima sasa Taban hajaanguka. Zaituni yuko kwenye saumu, midomo imekauka, lakini utani haujamkauka. Mumewe alikuwa askari kama Baba, kwa hiyo Kiswahili chake ni kile cha kambini, cha nyumbani kwetu, kinachotumia 'na' kwa mimi, wewe na yeye.

"Wewe binti ya sajini, nakonda hivi, Arua hakuna chakula?" Akaniwekea kibuyu mikononi, mikono yangu akaifunika kwa yake. "Peleka. Angalia sana. Isipotee."

Nikatoa hela. Akarudisha mkono wangu. Wote walirudisha. Hakuna hata mmoja aliyetaka hela. Nikawaachia sukari na sabuni, sukari itawafaa wakati wa kufuturu. Nimeguswa na ukarimu wao. Wenzetu hawa hawana kitu na wanatoa.

Kwa Mama nilikaa kidogo tu. Aliviona vibuyu kwenye mfuko. Akaacha kupepeta.

"Wanajua inaenda wapi?"

Nikamwambia wanajua.

Keji anazungumza akiwa amefunika mdomo kwa kiganja, kwa ajili ya jino. Kiunoni, chini ya gauni, amevaa uzi wake. Niliuona alipoinama. Sikuuliza.

Jumatano, 19 Machi

Kazi ya kufumua. Mafundo hayafunguki, hata kwa sindano. Nikakata kwa mkasi. Uzi wa ndani umeoza, unaacha unga mweusi kwenye kucha. Nikaloweka shanga zote kwenye beseni moja, maji ya sabuni. Maji yalitoka kahawia.

Nikazipanga kwa rangi. Bluu na bluu. Nyeupe na nyeupe. Zikikauka zinang'aa kama zimetengenezwa jana, ila matundu yamepanuka kwa kuvaliwa. Masalio ya nyuzi na mafundo nikayazoa, nikayachoma pamoja na takataka za uani.

Niko na furaha ya ajabu. Kazi ya mikono inanyamazisha kichwa.

Jumanne, 1 Aprili

Zinanunuliwa. Zinanunuliwa upesi kuliko ninavyoweza kutunga. Mfanyakazi wa ofisi ya basi la Kampala amenizoea, anaandika lebo za vifurushi bila kuniuliza. Norway, Kanada, Ujerumani.

Nimebadilisha maneno. Sasa yanasema: shanga zilizovaliwa na watoto wa Koboko, zimetolewa na familia zao kwa ajili ya sayansi. Ni kweli. Kila neno ni la kweli.

Dokta ameagiza vitendanishi vya kwanza. Amenunua karanga mfuko mzima, amenipa nusu.

Tarehe ya kuchukua damu imepangwa: 14 Mei.

Sitaki kujifanya mwema, hapa hakuna wa kumdanganya. Ninachotaka si kusaidia. Nataka kujua. Nataka siku moja nisome karatasi inayosema hiki ndicho kinachomwangusha Keji, na jina la kitu hicho liwe limeandikwa. Hata kama hakitibiki. Hasira yangu inahitaji jina.

Jumatatu, 14 Aprili

Kituo cha afya hakina vidonge. Wiki ya tatu. Mama alienda kwa miguu, akaambiwa arudi baada ya Pasaka. Keji ameanguka mara mbili shambani.

Nimemtumia vidonge kidogo kutoka duka la dawa la hapa Ediofe, mtaani kwangu, kwa dereva wa lori la kwenda Oraba, mpakani. Akifika Midia ataviacha kwa fundi baiskeli.

Jioni mvua ya kwanza kubwa. Usubi utazaliana.

Ijumaa, 18 Aprili

Ijumaa Kuu. Njia ya Msalaba. Nilikuwa kituo cha sita simu ilipotetemeka.

Taban ameangukia motoni. Alikuwa anachochea moto wa Zaituni, akaanguka mbele. Mikono yote miwili, na upande wa uso. Wamemkimbiza Koboko kwa pikipiki.

Mwaka mzima hakuanguka. Mwaka mzima alikuwa anakunywa vidonge, na vidonge vimekatika. Hilo ndilo jibu, halihitaji maabara. Nimelirudia njia nzima ya kurudi chumbani. Vidonge vimekatika. Vidonge vimekatika.

Jumatano, 23 Aprili

Taban ataishi. Vidole vya mkono wa kulia, hapana.

Mama amepiga simu, sauti ya chini kama yuko kanisani. Mtoto wa Zaituni, yule wakala wa forodha kule Oraba, amemwonyesha mama yake simu. Kuna picha. Mwanamke mweupe, nywele fupi, anacheka, shingoni ushanga wa bluu. Zaituni akazitambua zile punje zilizokatika ukingo. Taban alizitafuna akiwa mdogo.

"Uje," Mama akasema.

Jumamosi, 26 Aprili

Nimetoka Midia. Naandika nikiwa bado na vumbi miguuni.

Walikuwa wamekaa barazani kwa Zaituni, wanawake wote walionipa nyuzi, shangazi wa watoto. Hakuna aliyenitukana. Nilisalimia, wakaitikia. Nikapewa kigoda. Mama alikaa nyuma yangu, hakukaa nao wala hakukaa nami.

Zaituni akaanza kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Asunta. Ile sukari yako tulikunywa chai. Sabuni tulifua nguo. Hiyo hatuwezi rudisha."

Mmoja akacheka kidogo.

"Mimi napatia wewe kitu ya Taban, unapeleka kwa dokta. Anapima. Damu anapima, kitu ya kiuno anapima. Hivyo ndio tunajua. Sasa kijana yangu naniambia, mama ona, iko kwa shingo ya muzungu. Nacheka. Anacheka na ugonjwa ya mutoto yangu."

Nilielewa papo hapo. Nilifika na gari la Dokta. Nilifuata wahudumu wa Dokta. Nilisema ni kwa kazi ya Dokta. Wakanipa kitu ambacho, kwao, ugonjwa wenyewe umo ndani yake, wakanipa kipimwe. Ndiyo maana hawakutaka hela. Nani anamlipisha daktari kwa kumpa sampuli?

Yalikuwa mawazo ya kisayansi kabisa. Kuliko yangu.

Nikawaeleza. Mtandao, mauzo, masanduku ya baridi. Nilisikia sauti yangu ikieleza vizuri, kwa mpangilio, na nikaichukia. Nikasema vidonge ndivyo vilivyokatika, ndiyo sababu Taban ameanguka. Zaituni akaitikia kwa kichwa kama mtu anayekubali.

"Dawa imekatika, tunajua. Sisi si wajinga. Lakini dawa ilikatika mwaka ya jana pia. Hakuanguka."

Ni kweli, ilikatika mwaka jana.

Nikasema nitawaandikia wote walionunua, nitaomba warudishe kila punje.

"Shanga ni shanga," Zaituni akasema. "Hata soko ya Koboko iko. Fundo iko wapi?"

Mimi sikujua. Nimekulia bweni Arua, nilipokuwa huku nilikuwa mtoto. Nikaelezwa mbele ya wote, kama anavyoelezwa mgeni. Uzi haukatwi. Mtoto akipona, au akifa, uzi unateremshwa hadi miguuni, unatoka na fundo lake. Shangazi alipofunga fundo lile aliufunga ugonjwa. Shanga ni pambo tu, ili mtoto asilie akivalishwa. Fundo halifunguliwi. Linakaa kibuyuni mpaka shangazi mwenyewe afe, anazikwa nalo.

Nikasema nilikata kwa mkasi. Nikasema nilichoma.

Waliinuka mmoja mmoja, wakakung'uta kanga, wakaondoka. Shangazi mmoja mzee, ambaye mtoto wake alikufa mtoni, alinipita akaniwekea mkono begani kidogo, kama mtu anayeshika ukuta ili asianguke.

Zaituni akabaki. "Nenda kula," akaniambia. "Mama yako amepika."

Jumapili, 27 Aprili

Kwa damu ya kijiko kimoja tunawasomea kurasa nzima. Haki yako ya kukataa. Haki yako ya kujitoa. Sampuli yako itatunzwa wapi, itaharibiwa lini. Mimi ndiye ninayesoma, nina sauti nzuri ya kusoma. Kwa nyuzi sikusoma chochote.

Nimewaandikia wanunuzi wote. Nimeeleza kila kitu, fundo, mkasi, Taban, bila kupamba. Nimeomba warudishe. Najua haina maana tena. Nimeandika hata hivyo.

Dokta amejua. Alikuja, akasimama mlangoni, hakukaa.

"Nani alikuruhusu kutumia gari langu kama toroli la sokoni?"

"Hakuna, Dokta."

"Na mimi nilikuwa wapi? Nilikuwa ndani ya gari." Akajipiga kifuani kwa ngumi. "Nilikuona na mfuko. Sikukuuliza kuna nini."

Akaondoka. Heri angenitukana.

Ijumaa, 2 Mei

Majibu. Wengi kimya. Mmoja wa Ujerumani anasikitika sana, alikwishampa binti yake zawadi, binti anaupenda. Mmoja anataka arudishiwe hela kwanza. Mmoja wa Kanada anasema atarudisha, ananiuliza anwani. Nimempa.

Yule wa Norway ameandika barua ndefu. Amelia. Sasa anauona mkufu wake ni mtakatifu. Hatauvua. Anaomba ruhusa ya kuisimulia habari hii kwa rafiki zake.

Sikumjibu. Amesimulia.

Jumanne, 6 Mei

Nimeamka simu imejaa. Oda. Sijawahi kuona oda kama hizi. Watu wanataka ushanga wa watoto, ule wenye ugonjwa. Mmoja anauliza kama ninao wa mtoto aliyekufa.

Ukweli wangu umekuwa tangazo. Nilipoandika kwa kuuza, walinunua za zamani tu. Nilipoandika kwa kutubu, wananunua chochote.

Punje za Midia ziliisha zamani. Nimebakiwa na za karatasi. Nimeandika wazi kabisa: hizi ni karatasi na vanishi, hazikuvaliwa na mtu. Wananunua hizo hizo. Nimewaacha wanunue. Nimefunga vifurushi siku nzima kama mashine.

Fedha zimetosha. Vitendanishi, masanduku, mafuta ya gari. Vyote.

Jumatano, 14 Mei

Siku ya damu.

Viti tuliazima kanisani. Meza, kitambaa cheupe, chupa ndogo zimepangwa, masanduku ya baridi mapya kabisa, bado yana harufu ya duka. Mwenyekiti wa kijiji alifika mapema. Alituambia kwa upole kwamba hajamkataza mtu. Hakuhitaji kumkataza mtu.

Tulikaa. Watu walipita njiani na majembe, wakasalimia. "Habari ya kazi?" "Nzuri." Watoto walichungulia, wakaitwa na mama zao. Zaituni alipita, Taban nyuma yake, mikono ndani ya bandeji kama glavu za bondia. Taban alitaka kuja. Zaituni hakumvuta. Alimwita jina mara moja, akageuka.

Jua lilipokuwa kali, Keji akatoka kwetu peke yake. Amevaa gauni la Krismasi. Akakaa kwenye kiti cha kwanza, akakunja mkono wa gauni, akaweka kiwiko juu ya kitambaa cheupe.

"Mimi iko tayari."

Dokta akamtazama. Akatazama viti vitupu. Nilijua anachofikiri, nami nilikifikiri: damu ya mtu mmoja haisemi kitu. Lakini mkono ulikuwa pale mezani. Mama akaja akaweka dole gumba kwenye fomu. Nikasoma kurasa zote, kwa sauti, kwa dada yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kiganja mdomoni.

Mimi ndiye niliyechoma sindano. Mshipa wake ni mzuri, unaonekana.

"Itajulikana lini?" akaniuliza.

Nikamwambia itajulikana taratibu.

Jumatatu, 19 Mei

Dokta ameamua. Kamati ya maadili imekubali. Utafiti unahamia wilaya nyingine, mto mwingine, usubi ule ule. Huko watu hawana habari na sisi. Timu ataichagua upya, mimi simo. Hakulisema kama adhabu. Alisema, "Ukionekana huko, habari itafika na wewe." Ana haki.

Watoto wa Midia wametolewa kwenye orodha, maana hakuna aliyetia sahihi. Isipokuwa mmoja, naye peke yake si kundi. Nilimwomba Dokta. Nilimwomba kwa namna ambayo nitaona aibu nayo nikiwa mzee. Nilisema mchukue Keji, nitamleta mwenyewe kila mwezi, nitalipa nauli. Akasema Keji haishi kando ya mto ule. Akasema, "Asunta, wewe ni mtu wa maabara. Unajua jibu." Najua jibu.

Fedha nimezikabidhi zote. Sikufikiria mara mbili. Nilifikiria mara moja, kwamba zingenunua vidonge vya Keji kwa miaka. Lakini watu walizitoa kwa utafiti. Neno hilo angalau nililiandika wazi.

Jumanne, 20 Mei

Sampuli isiyo na utafiti haitunzwi. Ndivyo fomu inavyosema, ukurasa wa tatu. Niliusoma mwenyewe.

Leo nimeiharibu damu ya Keji. Dawa ya klorini, kisha pipa la kuchomea. Mfanyakazi mwenzangu alijitolea kunifanyia. Nilikataa.

Jumapili, 1 Juni

Nimeufunga ukurasa. Kabla ya kufunga nilisoma maoni ya watu. Wananiita jasiri.

Mkufu wa Kanada haujafika. Nadhani hautafika.

Kesho naanza likizo bila malipo. Mama anahitaji mikono, karanga zimezidiwa na magugu.

Jumamosi, 7 Juni

Midia. Jana ilikuwa Idi. Zaituni alituletea nyama, kama kila mwaka, sahani imefunikwa kwa sahani. Alimpa Mama. Mimi alinisalimia vizuri, kwa jina. Hakuniita binti ya sajini.

Nilimpa vidonge vya Taban, nilivyonunua kwa mshahara wa mwisho. Alivipokea, akasoma karatasi ya nje akiwa ameiweka mbali na macho, akaniuliza vinanywewa kabla ya kula au baada. Baada, nikasema. Akavifunga kwenye ncha ya kanga.

Hatujasameheana. Hakuna aliyeomba.

Jumamosi, 21 Juni

Tulikuwa shambani tangu umande. Keji anapalilia haraka kuliko mimi, nyuma yangu anarudia mistari niliyoiharibu. Mvua ya usiku imelainisha udongo, magugu yanatoka na mizizi yake. Asubuhi alianguka mara moja, kati ya mistari. Nikamlaza ubavu, nikamwekea kanga chini ya kichwa, nikafukuza usubi usoni pake mpaka akarudi. Hajui alikuwa wapi. Akaomba maji, akauliza jembe lake liko wapi.

Baadaye gari la Dokta lilipita kwenye barabara ya juu. Masanduku ya baridi yamefungwa nyuma kwa kamba. Vijana wapya ndani, siwajui. Dokta kiti cha mbele, dirisha limefunguliwa, anakula karanga. Sijui kama alituona. Barabara iko mbali kidogo na shamba.

Keji alinyoosha mgongo, akapunga mkono.

"Naenda pima watoto ya nani?"

"Wa watu wengine."

Akaacha kufunika mdomo, nikaona pengo la jino.

"Na wao naanguka kama mimi?"

"Kama wewe."

"Basi wapime," akasema. Akainama tena.

Gari likateremka kuelekea mtoni, sauti yake ikabaki kidogo, kisha ikaisha. Nilikuwa na njaa. Tulimaliza mstari ule, tukaanza mwingine.